Kwenda kazini kwa baiskeli hapa Dar: madereva utakaokutana nao

Mkuu, umeuliza kama mtu anaweza kutoka Segerea mpaka Posta kwa baiskeli kila siku ya kazi bila madereva kummaliza, na ukaomba wanaoendesha wakusimulie kero zao kama zilivyo. Waliotangulia kukujibu wamekuambia ununue bodaboda au uvumilie daladala. Mimi naendesha, miaka kadhaa sasa, kwa hiyo nivumilie niandike kwa kirefu.

Naishi Mabibo upande wa External, kazi yangu iko Keko kwenye karakana ya fanicha. Nashika Barabara ya Mandela, Relini, Buguruni Sheli, mpaka TAZARA, halafu naingia kushoto Barabara ya Nyerere, Chang'ombe, nimefika. Ni kama kilomita kumi. Wewe tutaungana Relini, tutakwenda pamoja mpaka Buguruni, pale utakata kushoto Uhuru uende Ilala Boma, Karume, Mnazi Mmoja. Kwa hiyo kipande kibaya kuliko vyote tunacho sote wawili.

Inawezekana. Hilo nalisema kwanza ili usisome haya mengine ukakata tamaa. Miguu inazoea ndani ya wiki chache, jua la asubuhi si tatizo, jasho linaisha kwa kitambaa kibichi na shati la kubadilisha ofisini. Kinachochosha ni watu walioshika usukani, na hawa hawafanani. Kila kundi lina ubaya wake na namna yake ya kulikwepa.

Daladala utagombana nazo kuliko kitu kingine chochote. Kituo kiko kushoto na wewe uko kushoto, ugomvi wote unaanzia hapo. Dereva amekuona tangu mbali. Anajua uko mbele yake na anajua anasimama pale mbele. Angepunguza mwendo akakaa nyuma yako kwa sekunde nne tano, ungepita kituo na yeye angeingia kwa raha zake. Hafanyi hivyo. Anakanyaga mafuta, anakupita, anakata kushoto mbele ya tairi lako na kusimama papo hapo, nyuma ya gari ikiwa bado imechomoza barabarani. Unabaki na nafasi ya kushika breki zote mbili au kuingia mtaroni. Ukiwa bado unahema, mlango umeshafunguka, konda ameshatupa mguu chini, abiria wanaruka pale pale ulipotaka kupenya. Kisha gari inaondoka bila indiketa, unaipita kituo kinachofuata, nayo inakupita tena njiani na kukuchomekea upya. Kati ya Relini na Buguruni unaweza kushindana na kipanya kimoja (daladala ndogo) hivyo mpaka ukamjua konda kwa sura na sauti.

Nimekaa na madereva wa daladala, nimekula nao chakula cha mchana kwa mama lishe, nawafahamu. Wengi wanaendesha kwa hesabu ya tajiri, yaani fedha ambayo lazima wampelekee mwenye gari kila siku, na wengine ni deiwaka ambao hata hawajui kesho watapewa gari au hapana. Kila abiria aliyesimama kituoni ni wa yule atakayefika kwanza. Nalielewa hilo kabisa. Lakini ndugu zangu, hesabu ya tajiri hailipwi kwa mbavu za mtu mwingine. Mfumo unaomlazimisha dereva kukimbizana na mwenzake kituo kwa kituo ni mbovu, na unapaswa kulaumiwa kwa nguvu zote. Hata hivyo aliyekata usukani kushoto huku ananitazama kwenye kioo ni mtu mzima mwenye macho.

Kwa daladala nina sheria moja ambayo siivunji: daladala iliyosimama siipiti kushoto. Kamwe, hata kama pengo ni pana na hakuna anayeonekana kushuka. Mlango uko huko, konda yuko huko, mtoto wa shule anayeshuka akikimbia yuko huko. Ama nageuka nyuma, naona pako wazi, napita kulia kwake nikiacha nafasi, ama nasimama nyuma yake nisubiri. Ukisimama nyuma usimguse bampa, kaa ubavuni kidogo ambapo kioo chake kinakuona, maana wengine hurudi nyuma kufuata abiria waliyempita.

Malori ni habari nyingine, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu daladala itakuangusha, ila lori halikupi nafasi ya pili. Mandela ndiyo njia ya makontena kutoka bandarini kwenda Ubungo na mikoani, na ya kurudi. Dereva wa semitrela anakaa kulia, juu sana. Ubavu wa kushoto wa kichwa chake, kuanzia usawa wa mlango kushuka chini, kuna eneo ambalo hata akigeuza kichwa hakuoni. Baiskeli nzima na mtu wake inatoshea humo. Kama huoni uso wake kwenye kioo chake, naye hakuoni wewe.

Halafu kuna suala la kona. Semitrela inapokata kushoto, kichwa hutanguliza kulia kwanza kutafuta nafasi. Mtu mgeni anaona pengo zuri limefunguka kushoto, anaingia. Lakini magurudumu ya trela hayafuati njia iliyopita kichwa, yanakata kwa ndani, yanausogelea ukingo wa barabara taratibu, na lile pengo linafungwa kuanzia nyuma wakati wewe umeshaingia. Dereva hasikii chochote. Kwenye taa za Buguruni na za TAZARA nimeona vijana wa baiskeli wamejibana kati ya trela na ukingo wakisubiri taa ziruhusu, na nimewapigia kelele watoke. Mmoja alidhani nataka kumgombeza. Usisimame kushoto mwa lori kwenye taa, hata kama foleni ni ndefu na pengo linakuita. Simama nyuma yake katikati, au kama unaweza, mbele yake kabisa, mbali kiasi cha dereva kukuona kupitia kioo cha mbele.

Na linapokupita kwa kasi, jiandae kwa upepo. Kichwa kinakusukuma pembeni, kisha mkia unapomaliza kupita unakuvuta barabarani. Shika usukani kwa mikono miwili, legeza viwiko, usikate pedeli ghafla.

Pamoja na hayo yote nitasema jambo ambalo huenda wengi wasilikubali: madereva wa malori ya masafa, wale wa kwenda mipakani Tunduma na Rusumo, kwangu mimi ndio wastaarabu kuliko wote. Anakaa nyuma yako, anasubiri upande wa pili uwe wazi, anahama kabisa, anakupita, anarudi. Nadhani ni kwa sababu wamepita Shinyanga, Kahama, Tabora, ambako baiskeli ni sehemu ya barabara na hakuna anayeshangaa. Wanaonitisha ni wa tipa za mchanga na kokoto za hapa hapa mjini, wanaolipwa kwa tripu.

Sasa magari binafsi. Hapa ndipo kero inapoingia moyoni, maana huyu hana hesabu ya tajiri wala abiria wa kugombania. Ana haraka tu. Kwanza honi. Kuna honi ya kukujulisha kuwa kuna gari nyuma, fupi, kutoka mbali, hiyo naishukuru. Na kuna ile ya kukuamrisha upotee, inayopigwa mita mbili nyuma ya mgongo wako, ndefu, na mwili wote unashtuka kabla akili haijajua ni nini. Mtu aliyeshtuka juu ya magurudumu mawili anayumba. Anayepiga honi hiyo anazalisha ajali ileile anayodai anataka kuiepuka.

Pili simu. Dereva akienda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo spidi inayoruhusiwa kwenye maeneo ya makazi, kila sekunde moja gari linakula karibu mita 14. Akisoma meseji kwa sekunde tatu ameenda zaidi ya mita 40 bila kuangalia mbele. Na ni wangapi wanakwenda 50 Mandela saa kumi na mbili asubuhi kabla foleni haijashika? Wanakwenda 70 na zaidi. Tofauti ya 50 na 70 wengi huiona ndogo kwenye dashibodi, lakini nguvu ya kugonga inapanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kwenye 70 ni karibu mara mbili ya ile ya 50. Wewe unayegongwa huna boneti mbele yako wala mkanda. Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya mwaka 2023, limesema watu kama milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na waendesha pikipiki. Takwimu hiyo ni sisi, wa pembeni ya lami.

Tatu kutanua. Foleni ikishika, mwenye shangingi anaona haya yote ya kusubiri si yake, anashusha magurudumu ya kushoto kwenye bega la barabara na kuja nayo kwa kasi. Lile bega ndilo lililokuwa limebaki kwangu na kwa mama mwenye beseni la vitumbua kichwani. Akikukuta mbele yake anakuwashia taa kali mchana kweupe na kukupigia honi, wakati yeye ndiye aliyevunja sheria. Mara nyingi huyo huyo ana stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo cha mbele. Mimi simpishi haraka. Naendelea kwa mwendo wangu mpaka nipate mahali salama pa kushuka. Najua wengine watasema nahatarisha maisha, lakini akishanikuta analazimika kupunguza mwendo, na nisingependa azoee kwamba bega ni lake.

Kuna tukio moja karibu na Relini ambalo sijalisahau. Gari dogo jeupe lilinipita likibana sana, kioo chake cha pembeni kikanigonga kiwiko cha kulia, kikajikunja. Sikuanguka, nilikwenda kombo tu nikaweka mguu chini. Mbele taa zilikuwa nyekundu, kwa hiyo nilimkuta. Nilipofika dirishani kwake alikuwa ameshashusha kioo, mkono uko nje, anakunjua kile kioo cha pembeni na kukifuta kwa kidole gumba, anakagua kama kimepata ufa. Alipomaliza ndipo akaniangalia.

"Kaka, umenigonga," nikamwambia.

"Sasa na wewe unakaa katikati ya barabara unafanya nini?"

"Nilikuwa pembeni, kaka. Zaidi ya pale ni mtaro."

"Baiskeli zina njia zake."

Nikamuuliza njia hizo ziko wapi hapa Mandela, nizifuate. Hakujibu. Abiria wake, mwanamke wa makamo, ndiye aliyesema, "Pole baba, umeumia?" Taa zikaruhusu, wakaondoka. Kiwiko kilivimba siku mbili tatu, hilo ni dogo. Kilichonikaa ni kile kidole gumba kikifuta kioo kwanza. Yule bwana hakuwa katili, nina hakika angenipeleka hospitali kama ningeanguka. Ila kwenye macho yake mimi sikuwa mtu anayekwenda kazini kama yeye. Nilikuwa kitu kilichomkwaruzia gari.

Na hapa ndipo ilipo shina la kero zote kwa maoni yangu. Hapa Dar baiskeli imehesabiwa kuwa alama ya kushindwa maisha. Tanga mwalimu anakwenda shule kwa baiskeli, Shinyanga watu wamekuwa wakibebana kwa baiskeli kama abiria na hakuna anayewacheka. Bodaboda zenyewe zilianza na baiskeli kule mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda. Ukifika Dar, unaambiwa "kanunue gari" na mtu ambaye gari lake lina mkopo. Na dharau hii haigawanywi sawa. Nikiwa nimevaa helmeti na shati limechomekewa, juu ya baiskeli ya gia ya mtumba, madereva wananiachia nafasi kidogo. Anapita mzee na Phoenix yake imebeba magunia mawili ya mkaa kutoka upande wa Kisarawe, jasho linamtoka, baiskeli ambayo hata kuisimamisha ni kazi, na huyo ndiye wanayembana, ndiye wanayemtukana mama yake. Yeye ndiye angepaswa kupewa nafasi kubwa kuliko wote, maana akikwepa mzigo unamwangusha. Nikimkuta yuko mbele yangu huwa nakaa nyuma yake upande wa kulia kidogo na taa yangu nyekundu inawaka, tupite naye Buguruni. Tunaofahamiana barabarani tunafanyiana hivyo.

Utasikia pia hoja ya kwamba wenye magari ndio wanaolipia barabara. Ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, fidia yake ikawekwa kwenye bei ya mafuta. Kwa hiyo anayechoma mafuta mengi analipa zaidi, na ni haki, kwa sababu kinachovunja lami ni uzito wa ekseli, ndiyo maana kuna mizani barabara kuu. Baiskeli na mtu wake haifiki kilo mia. Sijawahi kuona shimo lililochimbwa na Phoenix. Na baiskeli ni chombo kinachotambuliwa kisheria, nacho kina wajibu wake barabarani na haki yake pia.

Bodaboda na bajaji nitazipitia haraka. Bajaji hugeuka popote bila kuangalia nyuma, iachie umbali. Bodaboda ubaya wao mkubwa ni kuja kinyume, kwenye bega hilo hilo la kushoto, jioni, taa imezimwa au haipo. Wewe baki kushoto, usimkwepe kwa kuingia barabarani kwenye magari. Yeye ndiye aliye kinyume, yeye ndiye atoke nje. Paza sauti mapema, "Oya kushoto!", wengi husikia. Kengele haisaidii kitu Mandela, inasaidia uchochoroni.

Miundombinu nayo inawasaidia madereva kuwa wabaya. Mradi wa mabasi ya mwendokasi awamu ya kwanza, ulioanza kubeba abiria Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, ulikuja na njia za baiskeli na za waenda kwa miguu pembeni ya Barabara ya Morogoro. Zipo, nimezipita, na kipande kilicho wazi unajisikia umefika mji mwingine. Kisha unakuta bodaboda wameegesha, mbele meza ya viatu, mbele zaidi gari limepandishwa nusu. Hata hivyo njia zile zimethibitisha kwamba serikali ikiamua inaweza kuziweka, na kila barabara mpya inapochorwa tunapaswa kuzidai kwa sauti. Umoja wa waendesha baiskeli, UWABA, wamekuwa wakipigania jambo hili hapa Dar, na wanastahili kuungwa mkono na zaidi ya sisi wachache.

Tazama TAZARA. Daraja la juu la Mfugale lilifunguliwa mwaka 2018, limepunguza foleni ya Nyerere, sina ubishi. Lakini mimi natoka Mandela chini, naingia Nyerere kwa kushoto, na magari yanashuka darajani upande wangu wa kulia kwa kasi ya mteremko, baadhi yanataka kuhamia kushoto kuwahi kituo. Ninabaki katikati ya mito miwili ya magari na hakuna mstari hata mmoja uliochorwa kwa ajili yangu. Namna ninavyopita pale ni hii: nakaa kushoto kabisa mpaka barabara mbili ziungane, sigusi njia ya wanaoshuka, nageuka nyuma mara kwa mara, na nikiona daladala inakata kuja kushoto nasimama. Kwa wewe wa Uhuru, Buguruni asubuhi ni rahisi kwa sababu unakata kushoto. Jioni ndiyo kazi, unarudi na lazima uingie kulia Mandela. Usijaribu kuhamia katikati ya magari kama pikipiki. Shuka, kokota baiskeli, vuka na waenda kwa miguu taa zikiwaruhusu, panda tena upande wa pili. Unapoteza dakika mbili.

Kosa ambalo naona wageni wengi wanafundishwa ni kujibana ukingoni kabisa. Unadhani unamfanyia dereva hisani. Ukweli ni kwamba ukiwa sentimita ishirini kutoka ukingoni, dereva anaona njia yake bado ni nzima na anakupita bila kuhama hata kidogo. Na ukingoni ndiko kuna mchanga, vioo vilivyovunjika, mifuniko ya mitaro iliyoondolewa, na lami iliyomegeka ambayo tairi likishuka halipandi kirahisi. Kaa kama mita moja kutoka ukingoni, nyoosha mwendo wako, usiyumbe kuingia na kutoka kati ya magari yaliyoegeshwa. Dereva akilazimika kuhama ili akupite, anahama. Atapiga honi, atanung'unika, lakini amekuona. Barabara ikipanuka, sogea umwachie, na umpungie mkono. Mkono huo una kazi kubwa kuliko unavyofikiri. Dereva aliyeshukuriwa na mwenye baiskeli leo, kesho anakumbuka.

Kabla ya kuhama kulia, geuka kabisa, mtazame dereva wa nyuma machoni, kisha nyoosha mkono. Kioo kidogo cha kufunga kwenye usukani kinasaidia, ila hakichukui nafasi ya uso kwa uso. Ukitazamwa na mtu ni vigumu kumbana.

Taa usizipuuze. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linazama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima, na wengi wetu tunatoka kazini wakati huo. Taa nyekundu nyuma, nyeupe mbele, na kile kizibao cha riflekta wanachovaa bodaboda, hata kama unaona kinakuharibia shati. Helmeti nzuri ya mtumba utaipata Kariakoo, angalia isiwe na ufa ndani ya povu lake. Breki zikaguliwe na fundi, za mbele na za nyuma, mipira isiwe imeisha.

Masika ni mtihani wa pekee. Maji yakitulia barabarani huwezi kujua dimbwi lipi ni la vidole na lipi ni shimo, na madereva wanapita humo kwa kasi ileile, wanakumwagia maji ya mtaro usoni. Huwezi kuona kwa sekunde kadhaa. Mimi mvua kubwa ikinyesha asubuhi naiacha baiskeli, napanda daladala, na sioni aibu yoyote. Nguo safi naziweka kwenye mfuko wa nailoni hata siku za jua.

Ukitukanwa, usijibu ukiwa unaendesha. Nimeona mwenzetu mmoja akigonga boneti kwa ngumi, dereva akamfuata na gari, na kilichofuata hakikuwa kizuri. Kama mtu amekuhatarisha kweli, soma namba ya gari, simama pembeni, iandike, mkute trafiki aliye karibu. Mara nyingine atakusikiliza, mara nyingine atakuuliza kwani uliumia. Endelea kuripoti hata hivyo.

Umesema mkeo hataki hata kusikia habari hii. Mweleze njia utakayopita na saa utakayotoka, na utoke mapema. Ukipita Relini kabla ya saa kumi na mbili na nusu malori yapo lakini daladala bado hazijaanza kugombana vituoni, na foleni ya kutanua haijazaliwa. Tena usianze na siku ya kazi. Anza Jumapili, barabara ikiwa nyepesi, uone mashimo yako wapi, vituo viko wapi, na wapi utashuka ukokote. Ukiwa tayari nitumie ujumbe, Jumapili yoyote isiyo na mvua nitakusubiri Relini saa kumi na mbili na nusu asubuhi twende wote mpaka Mnazi Mmoja na kurudi. Njoo na pampu na tyubu ya akiba, kwa sababu mafundi wa Buguruni muda huo wanakuwa bado hawajafungua.